Swali Ndilo Kipimo: Kiswahili katika Uchunguzi wa Mwenendo wa Watu

Mtaalamu wa mimea hupima jani lisilojua kwamba lapimwa. Mtaalamu wa mwenendo wa watu hana raha hiyo. Yeye hana budi kubisha hodi, kukaribishwa, kukaa, kujulia hali, na ndipo aulize. Saikolojia na elimu za jamii zina vyombo vingi, lakini kilicho kikubwa kupita vyote, hasa nje ya maabara, ni swali; na swali hutengenezwa kwa lugha. Katika Tanzania lugha hiyo kwa kawaida ni Kiswahili. Walakini katika maandishi ya wataalamu hao Kiswahili mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba maswali yalitafsiriwa, kisha maelezo huendelea kwa Kiingereza kana kwamba lugha ya wajibuji haikuwa na sehemu yoyote katika majibu yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu hiyo ni kubwa, na kwamba mchunguzi asiyeijua hupima jambo jingine asilolikusudia.

Na utazamwe mfano ulio karibu. Pugu ni kata ya Wilaya ya Ilala, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye vilima vielekeavyo Kisarawe. Ni nchi ya Wazaramo tangu zamani, lakini leo ina watu wa kila asili: waliofuata mnada wa ng'ombe, waliofuata viwanja vya kujenga, na waliofuata shule, na huko ndiko Julius Nyerere alikokuwa mwalimu hadi mwaka 1955. Karani wa uchunguzi wa afya akifika kwenye kibaraza cha mama mmoja huko, akamwuliza, "Mama, unalala saa ngapi?" naye akajibiwa, "Saa tano, mwanangu," ataandika tarakimu 5 katika karatasi yake. Swali la asili, lililotungwa kwa Kiingereza, lilitaka kujua muda wa usingizi. Mama ametaja wakati wa kwenda kulala, yaani saa tano za usiku. Naye akiamka saa kumi na mbili asubuhi amelala saa saba kamili. Karatasi yasema kwamba mama huyu hapati usingizi wa kutosha. Hapana aliyesema uongo, wala hapana aliyefanya uvivu. Kosa limo ndani ya sentensi yenyewe, kwa sababu Kiswahili hutumia maneno yale yale, "saa ngapi", kuuliza wakati na kuuliza muda, na kilichohitajika kutenganisha mambo hayo mawili ni neno moja dogo: unalala kwa saa ngapi.

Mtu aweza kusema kwamba huo ni mfano wa tafsiri mbaya tu, na kwamba mfasiri mwangalifu angeliona kosa hilo mapema. Lakini jambo lenyewe laenda mbali zaidi ya uangalifu, na laanzia kwenye jina la elimu hii. Kile ambacho Waingereza na Wamarekani wakiita kwa neno moja lisilo na sifa wala lawama, katika Kiswahili hugawanyika. Liko neno tabia, lenye asili ya Kiarabu, ambalo huchukua maumbile ya mtu pamoja na mazoea yake. Liko neno mwenendo, ambalo latokana na kitendo cha kwenda, nalo laonyesha jinsi mtu aishivyo mbele ya wenzake. Liko neno desturi, lililotoka Uajemi, ambalo si la mtu mmoja bali la watu wengi. Na nyuma ya yote limesimama neno adabu. Katika maneno hayo hakuna hata moja lililo tupu. Msemaji wa Kiswahili akisikia neno tabia hungoja kusikia kama ni njema au mbaya. Na mtu akiambiwa, "Tumekuja kufanya uchunguzi wa tabia," huelewa kwamba amekuja kukaguliwa. Neno uchunguzi nalo, ambalo lilikuwa jina la heshima la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoundwa mwaka 1964, siku hizi husikika zaidi kituoni kwa polisi na hospitalini, na wasomi wamehamia kwenye neno utafiti. Basi kabla swali la kwanza halijaulizwa, mjibuji wa Pugu amekwisha kujiweka sawa kama mtu aliye mbele ya hakimu. Atajibu yapasayo kutendwa, wala si yatendwayo.

Tofauti hiyo ya yapasayo na yatendwayo si ngeni katika maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapwa huko Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na jina la Carl Velten likawekwa kwenye jalada. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Ndani yake mna habari za uzazi, malezi, jando, ndoa, maradhi, pepo, madeni na mazishi, zimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekulia ndani ya mambo hayo. Ni haki kuuhesabu kuwa mmoja wa uchunguzi wa kwanza wa mwenendo wa watu wa pwani uliofanywa na mtu wa pwani kwa lugha ya pwani. Nguvu yake ni kwamba maneno hayakuhamishwa: kila jambo limeitwa kwa jina lake, na msomaji aweza kupima mwenyewe maana ya kila neno. Lakini udhaifu wake nao umo katika jina lake. Kitabu chasimulia desturi, yaani njia iliyokubaliwa, na msimulizi mwungwana hupenda kusimulia njia ilivyonyooka. Ni mara ngapi watu walipinda, na nani walipinda, na kwa sababu gani, msomaji hawezi kujua kwa hesabu. Kwa hilo palihitajika mtu wa kuhesabu.

Mtu huyo alipatikana miaka hamsini na kitu baadaye. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alifanya uchunguzi wake wa Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957, na kitabu chake, A Survey of Dar es Salaam, kikachapwa mwaka 1963 kwa niaba ya taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere. Hapana anayeandika historia ya mji ule awezaye kukipita kitabu hiki. Hesabu ya watu ya 1957 ilikuta mjini watu 128,742. Hesabu ya mwaka 2022 imekuta mkoani watu 5,383,728. Na mtu atakaye kujua namna mji ulivyokuwa kabla ya kufurika huko hana budi kumsoma Leslie. Ameona mengi, tena ameyaeleza kwa jicho la mtu aliyezoea kuzungumza na wenyeji. Pamoja na hayo, msomaji wa Kiswahili hubaki na swali moja lisilo na jibu katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza: watu wale waliulizwa nini hasa, kwa maneno gani?

Swali hili si la kutafuta makosa madogo. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba huweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mtu akiulizwa "nyumba hii ina watu wangapi?" atahesabu waliomo chini ya paa. Akiulizwa habari za "nyumba yake" huenda akamfikiri mkewe, maana heshima ya wanaume wengi haimtaji mke kwa jina mbele ya mgeni. Akiulizwa habari za kaya, neno ambalo hesabu za watu za serikali hulitumia, huenda asijue kama dada yake aliyefika kutoka shamba na kukaa miezi minne yumo au hayumo. Na akiulizwa "mkuu wa kaya ni nani?" atamtaja mwanamume aliyepo, hata ikiwa chakula chote hutoka mikononi mwa mwanamke. Kwa Wazaramo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa zamani ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti ambayo karatasi ya maswali haina mahali pa kuiandika. Tena wakati ule mwulizaji alikuwa ofisa wa serikali, na mwenye nyumba aliyeulizwa habari za wapangaji asingeweza kusahau kwamba kuna kodi. Tarakimu hutoka safi. Lakini usafi wake ni wa kalamu, si wa jambo lililohesabiwa.

Ama kwa saikolojia, ambayo hupima yaliyomo ndani ya mtu badala ya yaliyomo ndani ya nyumba, hatari huzidi, na hapo ndipo mtaalamu wa sarufi ana la kusema. Yafaa yatazamwe mambo mawili tu ya sarufi, yanayojulikana na kila mwalimu wa Kiswahili.

La kwanza ni kiambishi hu-. Katika "mtoto hulala mchana" hu- yaonyesha mazoea. Katika "wewe hulali mchana" hu- ni ya kukanusha nafsi ya pili. Msikilizaji hachanganyikiwi, kwa sababu kitendo cha asili ya Kibantu hubadili irabu yake ya mwisho kinapokanushwa: hulala, hulali. Lakini vitendo vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki. "Wewe hufikiri" yaweza kuwa mazoea, na yaweza kuwa kanusho. Vivyo hivyo "wewe husahau", "wewe hufurahi", "wewe huhisi". Sasa msomaji na atazame ni vitendo vya namna gani hivyo. Ni vitendo vya moyoni na akilini, yaani ndivyo hasa ambavyo saikolojia huvitaka. Lugha imeweka utata wake mahali pale pale ambapo mpimaji wa nafsi anataka wazi kabisa. Swali "Je, wewe husahau mambo?" laweza kusikika kama kuuliza mazoea ya kusahau, au kama kuuliza kwamba mtu hasahau. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hukata shauri. Katika orodha ya maswali 25 yanayosomwa harakaharaka, kila moja likiwa peke yake, hapana muktadha.

La pili ni jibu la ndiyo. Mtu akiulizwa kwa kukanusha, "Hulali vizuri?" naye halali vizuri, Kiswahili cha wengi humwongoza kujibu, "Ndiyo, silali." Ndiyo yake yakubaliana na maneno ya mwulizaji. Mwingereza angejibu kinyume chake, kwa kuwa jibu lake hufuata ukweli wa jambo wala si umbo la swali. Na Mtanzania aliyesoma sana kwa Kiingereza, kijana wa jirani hapo hapo Pugu, huenda akajibu, "Hapana, silali." Majirani wawili, maradhi mamoja, alama mbili zinazopingana katika karatasi. Watungaji wa vipimo hupenda kuchanganya sentensi za kukubali na za kukanusha, ili wamkamate mjibuji anayesema ndiyo kwa kila kitu. Katika Kiswahili mtego huo huwakamata pia waliojibu kwa usahihi.

Kisha kuna ngazi ya majibu, ile iliyoanzishwa na Rensis Likert mwaka 1932, yenye hatua tano kutoka kukubali kwa nguvu hadi kukataa kwa nguvu. Kwa Kiswahili huandikwa: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Hatua hizo zaonekana sawa, lakini si sawa. Neno sana ni neno la ukarimu: asante sana, karibu sana, pole sana. Kumwambia mgeni "nakubali sana" si lazima iwe nguvu ya maoni. Huenda ikawa nguvu ya heshima. Hatua ya katikati nayo imegeuka. Asiyeegemea upande wowote si sawa na asiye na hakika. Wa kwanza ameamua kutoegemea, wa pili hajajua. Na kumkatalia mgeni usoni, "sikubali kabisa", ni jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri hulikwepa kwa "labda", kwa "Mungu anajua", au kwa kicheko. Kicheko hakina kisanduku.

Hapo ndipo yafaa kukumbuka kwamba elimu hii yenyewe imeanza kujihoji. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba mengi yaliyosemwa kuwa ni ya binadamu wote yalipimwa kwa watu wa nchi za Magharibi, na hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao si mfano mzuri wa watu wengine wa dunia. Onyo hilo limepokewa, na wachunguzi wengi zaidi wamekuja Afrika. Lakini kubadilisha watu wanaoulizwa bila kubadilisha namna ya kuuliza ni kuhamisha mizani bila kuirekebisha.

Neno akili latoa ushahidi mzuri. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia kati ya Wachewa wa mashariki, hakuanza kwa kupima watoto kwa karatasi. Aliwauliza watu wazima wa kijijini ni mtoto gani wangemtuma kazi fulani ngumu, na kwa nini. Aligundua kwamba neno lao nzelu, ambalo wageni wangelifasiri kuwa akili, launganisha wepesi wa kufahamu na uaminifu wa kutumika. Mwerevu asiyetumika hana nzelu kamili. Mswahili hashangai. Naye husema "mtoto yule ana akili" akimsifu anayeona ndoo tupu akaijaza bila kuambiwa, na hutumia maneno mengine, werevu na ujanja, kwa wepesi usio na uaminifu. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2002 matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Badala ya kupima mara moja na kuondoka, waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda mfupi usiofika saa moja namna ya kukabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Watoto waliongeza alama. Maana yake ni wazi: kipimo cha kwanza hakikupima akili peke yake, bali pia ugeni wa mtoto mbele ya kipimo. Mtoto aliyehukumiwa kwa alama ya kwanza angehukumiwa kwa kutojua desturi za mchezo.

Ikiwa hayo ni ya watoto shuleni, ya wagonjwa ni mazito zaidi. Neno sonona limechaguliwa na wataalamu kuwa jina la ugonjwa wa huzuni kubwa. Ni neno zuri, lina mizizi ndani ya lugha, na kitendo chake, kusononeka, chajulikana. Lakini mgonjwa wa Pugu haendi zahanati akasema ana sonona. Husema ana mawazo. Husema moyo unamwenda mbio, roho inamwuma, mwili hauna nguvu, kichwa kinamgonga. Mfasiri anayefikiri kwamba mawazo ni fikira tu, ataandika "Je, una mawazo mengi?" akidhani ameuliza juu ya wingi wa fikira, kumbe ameuliza juu ya dhiki, au ataacha neno hilo kabisa, na pamoja nalo ataacha mlango mkubwa kupita yote ambao dhiki ya nafsi huingilia katika mazungumzo ya Kiswahili. Vivyo hivyo "umechoka?" Katika maneno ya mitaani ya Dar es Salaam, aliyechoka ni pia aliyefilisika, aliyechakaa kwa umaskini. Jibu la ndiyo laweza kuwa la mwili, la nafsi, au la mfuko.

Kwa sababu hiyo kazi ya Profesa Sylvia Kaaya na wenzake yastahili sifa ambayo wataalamu wa lugha wamechelewa kuitoa. Mwaka 2002 walichapisha matokeo ya kuijaribu orodha ya Hopkins, yenye vipengele 25, kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI katika Dar es Salaam, ili kuona kama chombo cha wageni chafaa kwa wenyeji. Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha chombo kingine chenye vipengele 19, kilichotungwa humu nchini kwa kufuata namna watu wa hapa wanavyozieleza dalili zao. Hapo utaratibu umegeuzwa. Badala ya swali kutoka kwa mtaalamu na kumshukia mgonjwa, maneno yameanza kwa mgonjwa na kupanda kwa mtaalamu. Ni njia ndefu zaidi, tena ya gharama zaidi. Lakini mama mjamzito anayepitwa na kipimo kisichosikia maneno yake hurudi nyumbani bila msaada, na gharama hiyo haiandikwi katika hesabu ya mtu yeyote.

Liko tawi jingine la elimu za jamii ambalo husema kwamba karatasi ya maswali yenyewe ndiyo kosa, na kwamba dawa ni kuishi pamoja na watu. Bibi Marja-Liisa Swantz, kutoka Finland, aliishi na Wazaramo wa Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya mila na ishara za Wazaramo kikatoka mwaka 1970. Humo wanawake si tarakimu. Ni watu wenye mwali wa kumfunda, mti wa mkole wa kuuendea, na maana za kuzieleza. Kutoka mwaka 1975 aliongoza katika Bagamoyo ya magharibi mradi ambao wanakijiji walikuwa washiriki wa uchunguzi, wala si vitu vya kuchunguzwa; na mradi huo ukaitwa Jipemoyo. Jina hilo laonyesha tofauti. Si jina lililofasiriwa. Ni agizo la Kiswahili, lenye kumtaka mtu achukue nguvu kutoka ndani yake mwenyewe.

Hata hivyo njia hii nayo haijafika mwisho wa safari. Mengi ya matunda yake yamehifadhiwa kwa Kiingereza, na mjukuu wa mwanamke aliyefunda mwali Bunju hawezi kuyasoma maneno ya bibi yake kama bibi alivyoyasema. Mtoro bin Mwinyi Bakari alimwachia msomaji Kiswahili chake, bila hesabu. Leslie alimwachia hesabu, bila Kiswahili. Swantz aliwapa watu sauti, lakini vitabuni sauti ile yasikika kwa lugha nyingine. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, bado ni nadra kupata kazi moja yenye vyote vitatu: hesabu, sauti, na maneno yenyewe.

Wako watakaojibu kwamba sayansi hutaka swali moja kila mahali, ili majibu ya Pugu yalinganishwe na ya Chicago. Na kwamba kuna kinga iliyojulikana tangu Richard Brislin alipoiandika mwaka 1970, yaani kufasiri swali kwenda Kiswahili, kisha kumpa mfasiri mwingine alirudishe Kiingereza, na kulinganisha. Hoja ya kwanza ina haki yake: bila kulinganisha hapana sayansi. Lakini kinacholinganishwa ni jambo, si sura ya maneno. Na maneno yaliyo sawa yakibeba mambo mbalimbali, ulinganisho wenyewe umevunjika. Ama kinga ya tafsiri ya kurudisha, ina tundu mahali pabaya. Mfasiri wa pili ni msomi kama wa kwanza. Akipewa "Unalala saa ngapi?" katikati ya orodha ya afya, naye ajua orodha hizo hutaka nini, atairudisha kuwa muda wa usingizi, na wote wawili watafurahi kwamba swali limepona. Tafsiri ya kurudisha hupima kama wasomi wawili wameelewana. Haipimi kama mama wa kibarazani ameelewa.

Basi yanayotakiwa si mengi, wala si magumu. Kwanza, kila uchunguzi uliofanywa kwa Kiswahili na uchapishe maswali yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili msomaji ajue ni nini kilichojibiwa. Pili, swali na lijaribiwe kwa kumtaka mjibuji aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini, kabla ya kutakiwa ajibu. Jaribio hilo hufichua katika muda mfupi yale ambayo hesabu haitafichua kamwe. Tatu, jaribio hilo na lifanywe kwa Waswahili wa namna mbalimbali, kwa maana katika Pugu moja yuko ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake, na yuko aliyekipata ukubwani akija na ng'ombe kutoka bara. Nne, matokeo na yarudi kwa Kiswahili kwa walioulizwa. Na tano, wataalamu wa Kiswahili nao waache kungoja kuitwa mwishoni ili wasahihishe tahajia. Mahali pao ni mwanzoni, swali linapotungwa. Kiambishi hu- wakijua tangu darasa la kwanza la sarufi. Ni aibu yao, si ya wanasaikolojia peke yao, kwamba hawakuwaambia.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Ni kweli, lakini methali hiyo yamsifu anayeuliza ili ajue. Anayeuliza bila kujua amesema nini hajauliza bado. Mama wa Pugu alijibu vizuri swali alilolisikia. Kilichobaki ni elimu kumwuliza swali iliyokusudia kumwuliza.